Jinsi ya kuanza kuprogramu sambamba kwa laptopu yako, kabla hujafikiria klasta

Vijana wanaosoma kompyuta hapa Dodoma huwa wananiuliza swali lilelile, "kaka, nijifunze lugha gani ili niweze kuandika programu za zile kompyuta kubwa zinazopiga hesabu kwa maelfu ya prosesa kwa mpigo?" na mimi nawarudishia swali, laptopu yako ina kori ngapi? Wengi hawajawahi kuangalia. Fungua terminali ya Linux andika nproc, itakupa namba, labda 4, labda 8. Kama unatumia Windows fungua PowerShell andika wsl --install, washa upya, utapata Ubuntu humohumo bila kufuta kitu. Fanya hivyo ukiwa sehemu yenye waifai maana ni mzigo mkubwa, bando la siku linaweza kuishia katikati.

Hiyo namba inamaanisha una vichwa 4 au 8 vya kufanya kazi ndani ya mashine moja, na programu ya kawaida ya C unayoandika darasani inatumia kimoja tu, vingine vimekaa. Ukishaweza kuvitumia hivyo vinne kwa pamoja, ndo kuprogramu sambamba kwenyewe, na ukajua kwanini havikupi kasi mara nne kamili, kwenye klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, utaingia ukiwa unajua unachofanya. Ukiruka hapa, hata upewe kori 1000 utakuwa unapoteza muda wa mashine ya watu.

Kama umewahi kusimama soko la nafaka Kibaigwa msimu wa mahindi unajua lori moja halishushwi na mpagazi mmoja, wanapanda kadhaa, kila mtu na gunia lake, na karani yuko pembeni anaandika idadi. Sasa fikiria makarani wanne wanaandika kwenye daftari moja. Wa kwanza anasoma 120, kabla hajaandika 121 mwenzake naye ameshasoma 120, wote wawili wanaandika 121. Magunia mawili yameingia ghalani, kwenye daftari limeongezeka moja. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea kujumlisha, ila hesabu ni ya uongo. Hili ndo tatizo kubwa kuliko yote kwenye kuprogramu sambamba na nataka ulione kwa macho yako leo, sio kulisoma tu.

Weka vifaa kwanza:

sudo apt install build-essential libopenmpi-dev openmpi-bin

Alafu andika faili pai.c. Inatafuta thamani ya pai kwa kugawanya eneo chini ya mchirizo kwenye vipande vyembamba milioni 200 na kuvijumlisha. Nimechagua hii kwasababu jibu unalijua tayari, 3.14159, kwahiyo kosa likitokea hutahitaji mtu wa kukuambia.

#include <stdio.h>
#include <omp.h>

int main(void) {
    long n = 200000000;
    double hatua = 1.0 / n, jumla = 0.0;
    double mwanzo = omp_get_wtime();

    #pragma omp parallel for
    for (long i = 0; i < n; i++) {
        double x = (i + 0.5) * hatua;
        jumla += 4.0 / (1.0 + x * x);
    }

    printf("pai = %.10f  sekunde = %.2f\n",
           jumla * hatua, omp_get_wtime() - mwanzo);
    return 0;
}

Ule mstari unaoanza na #pragma ndo OpenMP yenyewe. Ni viwango vilivyotoka 1997, vinafanya kazi na C, C++ na Fortran, na uzuri wake ni kwamba programu yako inabaki ileile, wewe unaongeza maelekezo tu kwamba lupu hii igawanywe kwa thredi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda kwa pamoja ndani ya programu moja. Sasa kompaili na uiendeshe mara nne au tano:

gcc -fopenmp pai.c -o pai
OMP_NUM_THREADS=4 ./pai

Utaona majibu ya ajabu, ni pungufu ya pai na yanabadilika kila ukiendesha, na mara nyingi inachukua muda mrefu kuliko ukiweka OMP_NUM_THREADS=1. Wale makarani wanne wanagombania daftari moja linaloitwa jumla. Angalia, hapa sijaweka -O2, ile ya kumwambia kompaila aiongezee programu kasi, kwa makusudi, kwasababu ukiweka kompaila inaweza ikamshikisha kila karani hesabu yake kichwani mpaka mwisho ndo aandike, kosa linabadilika sura lakini linabaki kosa.

Dawa ni kumpa kila karani daftari lake, kazi ikiisha wanajumlisha madaftari. Badilisha mstari mmoja:

#pragma omp parallel for reduction(+:jumla)

Kompaili tena, safari hii weka -O2, endesha na thredi 1, 2, 4. Jibu litatulia kwenye 3.1415926, na muda utashuka. Tarakimu za mwisho kabisa zinaweza kutofautiana kidogo ukibadilisha idadi ya thredi, hilo usiliogope, namba za desimali kwenye kompyuta zikijumlishwa kwa mpangilio tofauti zinakadiriwa tofauti kidogo. Ikitofautiana kuanzia tarakimu ya tatu hapo ndo una kesi.

Sasa kupima. Usipime mara moja ukaandika kwenye ripoti. Endesha mara tano, chukua muda mdogo kuliko yote, na funga kivinjari. Alafu kuna jambo la huku kwetu, joto la Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, laptopu ukiwa umeiweka kitandani feni inazibwa, prosesa inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na wewe unadhani thredi nne hazina faida. Iweke mezani, uiinue kidogo nyuma, pima asubuhi. Kingine, nproc inaweza kusema 8 wakati kori halisi ni 4, kila moja inahesabiwa mara mbili, cheki kwa lscpu pale penye Core(s) per socket. Kwa hesabu nzito kama hii kasi inapanda vizuri mpaka kwenye idadi ya kori halisi alafu inapoa.

Na hata kwenye kori halisi hutapata mara nne kamili kwenye programu za kweli. Rudi sokoni, wapagazi hata wakiwa 20 kama mizani ni moja basi foleni iko kwenye mizani. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza hili 1967: kama asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, kori 4 zitakupa kasi mara 3.08, kori 8 mara 4.7, kori 64 mara 8.8, na hata uwe na kori milioni hutafika mara 10. Kwahiyo kabla ya kuomba mashine kubwa tafuta ile asilimia 10 iko wapi. Mara nyingi ni kusoma faili.

Sasa nieleze lililonikuta ili wewe lisikukute. Nilikuwa na data za mvua za CHIRPS, zinatokana na setilaiti na vituo, zinaanzia 1981, kila kisanduku kwenye gridi ni nyuzi 0.05, kama kilomita tano na nusu hivi. Nilitaka kujua kwa kila kisanduku Tanzania nzima, ndani ya msimu wa mvua, siku nyingi zaidi mfululizo bila mvua ni ngapi. Kwa mkulima wa Dodoma hilo ni jambo zito, mvua ya mwaka mzima inaweza kuwa ya kutosha lakini ule ukame wa katikati ya msimu, Februari hivi, ndo unaoamua kama mahindi yatapona au ungepanda mtama na uwele tangu mwanzo. Nikaandika programu, ilifanya kazi vizuri kwa kori moja, nikaweka #pragma yangu, ikakimbia, nikafurahi. Kuchora ramani nikaona madoa, kisanduku kimoja Mpwapwa siku 4 wakati majirani zake wote ni 30 na kitu. Nikasema labda data mbovu. Nikaendesha tena bila kubadili chochote, madoa yamehama, sahivi yako upande wa Manyoni. Data mbovu haihami.

Siku tatu nilikaa na hilo jambo. Kosa lilikuwa mstari mmoja, nilikuwa nimetangaza kigeu kinachoitwa mfululizo juu ya lupu, nje, kama tulivyofundishwa zamani kutangaza vigeu vyote mwanzoni mwa kazi. Kwenye OpenMP kigeu kilichotangazwa nje ya lupu ni cha wote, thredi nne zilikuwa zinahesabia siku kavu za visanduku tofauti kwenye kigeu kimoja. Tangu siku hiyo nina kanuni mbili siziachi, kigeu cha muda kinatangazwa ndani ya lupu kinapotumika, na kwenye kila #pragma naweka default(none) ambayo inamlazimisha kompaila akukatalie mpaka utaje mwenyewe kipi ni cha wote na kipi cha kila mmoja. Inachosha kuandika lakini zile siku tatu ningeziokoa zote. Alafu usiache kulinganisha jibu la thredi nyingi na la thredi moja, kila mara, hata kama una haraka.

Kwenye kazi hiyohiyo nilijifunza kitu kingine ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Data zilikuwa zimepangwa kwa siku, ramani nzima ya siku ya kwanza, alafu ramani nzima ya siku ya pili, mpaka miaka 40. Mimi nilikuwa nafuata kisanduku kimoja siku hadi siku, kwahiyo kila namba niliyotaka ilikuwa mbali kabisa na iliyopita. Prosesa haichukui namba moja moja kutoka kwenye memori, inachukua fungu la baiti 64, yaani namba 8 za desimali za aina ya double, inaziweka kwenye keshi, memori ndogo ya haraka iliyo karibu nayo. Ukitumia moja ukaruka, saba zimeletwa bure. Ni kama mtu anayevuna zabibu anakata kichala mstari wa kwanza, anakimbia mstari wa hamsini kukata kimoja, anarudi. Nilipogeuza mpangilio, historia yote ya kisanduku kimoja ikae pamoja, programu ya kori moja ikaishinda ile ya kori nne ya mwanzo. Kwenye C safu za mlalo ndo zinakaa pamoja, kwenye Fortran ni za wima, kwahiyo lupu ya ndani lazima ifuate upande huo. Rekebisha hili kwanza ndo uongeze thredi, maana thredi nne zikigombania memori iliyopangwa vibaya zinangojeana tu.

Ukishaizoea vizuri OpenMP nenda MPI. Hapa mambo yanabadilika, OpenMP inafanya kazi ndani ya mashine moja tu yenye memori moja, MPI ni ya mashine nyingi zilizounganishwa, viwango vyake vya kwanza ni vya 1994 na mpaka leo kompyuta kubwa za dunia zinaitegemea. Sasa una maghala mawili, moja Kibaigwa, lingine Dodoma mjini, daftari la kule hulioni, ukitaka namba unapiga simu. Programu ileile inaanzishwa mara nyingi, kila nakala, ndo inaitwa mchakato, inapewa namba yake, na wewe unaandika nani afanye nini kwa kuangalia hiyo namba. Moyo wa pai kwa MPI ni huu:

MPI_Comm_rank(MPI_COMM_WORLD, &mimi);
MPI_Comm_size(MPI_COMM_WORLD, &wangapi);

for (long i = mimi; i < n; i += wangapi) {
    double x = (i + 0.5) * hatua;
    sehemu += 4.0 / (1.0 + x * x);
}
MPI_Reduce(&sehemu, &jumla, 1, MPI_DOUBLE,
           MPI_SUM, 0, MPI_COMM_WORLD);

Anza na MPI_Init, malizia na MPI_Finalize, kompaili kwa mpicc, endesha kwa mpirun -np 4 ./pai. Jumla inafika kwa namba 0 peke yake, kwahiyo printf mwachie yeye. Na huhitaji klasta kujifunza, michakato minne inaishi ndani ya laptopu moja bila shida, ukitaka kuzidisha idadi ya kori ongeza --oversubscribe.

Ugumu unakuja pale mchakato mmoja unapohitaji data za jirani. Tuseme unalainisha ramani ya mvua, kila kisanduku kinakuwa wastani wake na majirani zake. Umegawa nchi vipande vinne kutoka kaskazini kwenda kusini, mkato mmoja umepita karibu na Kondoa. Anayeshika upande wa kusini hawezi kulainisha safu yake ya juu kabisa bila kuiona safu ya chini ya mwenzake wa kaskazini, kwahiyo kila mmoja anatenga safu moja ya ziada kila mpakani, wanatumiana, ndo wanahesabu. Na hapa watu wengi wanakwama kihalisi, programu inaganda haisemi kitu, kwasababu wote wawili wameanza na MPI_Send na kila mmoja anasubiri mwenzake apokee, kama watu wawili wanaopigiana simu kwa sekunde ileile na kila mmoja anakuta namba inatumika. Kibaya zaidi ujumbe mdogo unaweza kupita bila shida, unajaribu na ramani ndogo kila kitu sawa, unaweka ramani kubwa inaganda. Tumia MPI_Sendrecv, inatuma na kupokea kwa pamoja, tatizo linaisha.

Ndo sasa nirudi kwenye swali la lugha, maana ukishapita hapo juu unaweza kuchagua ukiwa unaelewa. Fortran watu wanaicheka kwasababu ni ya 1957, lakini modeli za hali ya hewa kama WRF zimeandikwa humo kwa sehemu kubwa, na tangu viwango vya 2008 ina usambamba ndani ya lugha yenyewe, kama ndoto yako ni hali ya hewa jifunze Fortran bila aibu. Chapel ilianzia kampuni ya Cray, kwenye mradi wa serikali ya Marekani uliozaa pia X10 ya IBM na Fortress ya Sun, na kati ya hizo tatu Chapel ndo naiona ina uhai. Mimi naipenda kwakweli, angalia ule mjumlisho wote wa pai unavyokaa:

const jumla = + reduce [i in 0..<n] 4.0 / (1.0 + ((i + 0.5) * hatua)**2);

Huo mstari unatumia kori zote bila kutaja thredi popote. Ila kazi za kuajiriwa na programu zilizopo ni C, C++ na Fortran, kwahiyo Chapel iwe ya pili. Julia ya 2012 ni rafiki kwa mtu wa takwimu, ianzishe kwa julia -t 4 alafu weka Threads.@threads mbele ya lupu, na lile kosa la makarani liko palepale. Python ya kawaida thredi zake hazikupi kasi kwenye hesabu kwasababu kuna kufuli linaloruhusu moja kwa wakati, tumia maktaba za NumPy, Numba au mpi4py. GPU, yaani prosesa za kadi za michoro, nazo zina CUDA ya NVIDIA tangu 2007, kama huna kadi hiyo Google Colab wanakupa ya kutumia bure kwa muda, lakini nenda huko baada ya kuelewa thredi nne, kwasababu kule ni maelfu.

Siku ukipata akaunti kwenye klasta ya chuo au ya mradi, kwanza usiendeshe kazi kwenye mashine unayoingilia, ile ni ya wote. Unaandika maombi, nyingi zinatumia Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi, kwa programu ya OpenMP inakuwa hivi:

#!/bin/bash
#SBATCH --nodes=1
#SBATCH --ntasks=1
#SBATCH --cpus-per-task=8
#SBATCH --time=00:30:00
export OMP_NUM_THREADS=$SLURM_CPUS_PER_TASK
./pai

Watu wanaandika ntasks=8 kwa OpenMP, hilo ni kosa, ntasks ni idadi ya michakato ya MPI. Tuma kwa sbatch, fuatilia kwa squeue. Muda ukadirie kutokana na vipimo ulivyochukua nyumbani, ongeza kidogo, ukiomba masaa 48 kwa kazi ya nusu saa utakaa kwenye foleni bure.

Na kazi yoyote inayozidi saa moja, iwe kwenye klasta au kwenye laptopu yako pale Ng'ong'ona, iandikie kuhifadhi ilipofika, mfano kila baada ya miaka mitano ya data iandike matokeo kwenye faili la muda alafu ulibadili jina likishakamilika, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika lile faili la zamani bado liko zima. Ikianza upya isome faili hilo kwanza, iendelee kuanzia hapo.